Taa ya injini inapowaka: Kwa nini kuizima si kulitengeneza gari

NI jambo linalowapata madereva wengi wa mjini Moshi. Gari limetoka Njoro asubuhi likiwa salama, limepanda hadi Kibosho au Marangu, na wakati wa kurudi taa ndogo ya njano yenye umbo la injini inawaka katika dashibodi na kukataa kuzimika. Gari linatembea kama kawaida, halitoi moshi wala mlio wa ajabu, na mwenye nalo anabaki akijiuliza iwapo aendelee na shughuli zake au alipeleke gereji.

Akilipeleka, mara nyingi mambo huenda haraka. Fundi huchomeka kifaa chini ya usukani, husoma kioo chake kidogo, hubonyeza vitufe viwili vitatu, na taa huzimika. Mwenye gari hulipa fedha ya kupimiwa kwa kompyuta na kuondoka akiwa ameridhika. Siku tatu baadaye taa ile ile inawaka tena, na safari hii anaambiwa anunue sensa. Ananunua. Wiki inayofuata taa imerudi.

Kisa cha namna hiyo hakimaanishi lazima kwamba fundi ni tapeli, ingawa matapeli nao hawakosekani. Aghalabu tatizo ni kutofahamu taa hiyo ni ya nini, inawaka kwa utaratibu gani, na kifaa kile kinaweza kusema nini na hakiwezi kusema nini.

Kwanza, rangi. Alama za dashibodi hufuata utaratibu wa kimataifa, ndiyo maana kopo la oili, kipimajoto, betri na umbo la injini hufanana katika gari la Japan, la Ujerumani na la Korea. Hilo ni jambo la kushukuru, kwa sababu magari mengi yanayotembea Tanzania yaliingia yakiwa yamekwisha kutumika Japan, na kitabu cha maelezo, kama kimesalia, kimeandikwa kwa Kijapani. Taa nyekundu humtaka dereva asimame mara tu anapopata mahali salama. Taa ya njano humtaka alipeleke gari likachunguzwe, lakini haimzuii kufika nyumbani. Ya kijani na ya buluu hutoa taarifa tu.

Taa ya injini ni ya njano kwa sababu chimbuko lake si usalama wa safari bali hewa safi. Jimbo la California nchini Marekani, lililokuwa likisumbuliwa na moshi mzito wa magari, hasa katika jiji la Los Angeles, liliyataka magari mapya ya kuanzia mwaka 1988 yawe na kompyuta inayojichunguza na kumwarifu dereva pale mfumo wa kudhibiti moshi unapoharibika. Kuanzia magari ya mwaka 1996, Marekani nzima ililazimisha utaratibu mmoja: soketi moja yenye matundu 16, na orodha moja ya namba za hitilafu. Ulaya ilifuata kwa magari ya petroli mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Kutokana na chimbuko hilo, mambo mawili yanayowashangaza madereva hueleweka. La kwanza ni kwamba taa inaweza kuwaka huku gari likitembea vizuri kabisa, kwa kuwa kinachozidi ni sumu katika moshi tu. La pili, ambalo ni zito zaidi, ni kwamba gari linaweza kuwa katika hali mbaya sana na taa hiyo isiwake. Bushi zilizokwisha, beringi ya gurudumu inayovuma, mkanda wa feni uliochanika na tairi lililokwisha si mambo ambayo kompyuta ya injini inayafahamu.

Kwa mkazi wa Moshi ipo sababu nyingine ya kuzijua taa hizi, nayo ni mlima wenyewe. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 800 hadi 900 hivi kutoka usawa wa bahari, ilhali lango la Marangu la Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro liko karibu mita 1,900. Katika safari isiyofika kilomita 50 gari hupanda takriban mita 1,000, na sehemu kubwa ya mwinuko huo huja baada ya kuiacha barabara kuu pale Himo. Mteremko wa kurudi ni ule ule. Mpando na mteremko huo hufichua kasoro ambazo katika tambarare zingeweza kujificha kwa miezi mingi.

Chukulia taa nyekundu ya kopo la oili. Taa hiyo haipimi wingi wa oili. Hupima msukumo wake. Oili hukaa katika sampo chini ya injini, na pampu huifyonza kupitia mdomo ulio mahali pamoja. Gari linapopanda mlima au kukata kona kali, oili husogea upande mmoja. Ikiwa imepungua, mdomo wa pampu hubaki wazi kwa nukta chache na kuvuta hewa. Taa inawaka, gari likinyooka inazimika, na dereva anasema ni waya tu. Si waya. Katika nukta hizo chache vyuma vya ndani vinasagana vikavu. Taa ya oili iliyowaka hata mara moja mlimani inatosha kumfanya dereva asimame mahali tambarare, azime injini, asubiri dakika kadhaa na kuchomoa kijiti cha kupimia oili. Ikiwa oili imetimia na taa bado inawaka, injini isiwashwe tena, gari livutwe.

Taa nyekundu ya kipimajoto nayo ina habari yake katika milima. Usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi joto 100. Moshi mjini huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, na karibu na lango la Marangu kwenye nyuzi 94 hivi, kwa sababu msukumo wa hewa hupungua kadiri mtu anavyopanda. Rejeta ya gari imewekewa mfuniko wenye spring'i ambao huyabana maji yasichemke hadi yapite nyuzi 100 kwa kiasi kikubwa. Mfuniko huo ukilegea, gari litakwenda Dar es Salaam na kurudi bila taabu, lakini likipakia abiria na kupanda polepole kwa gia nzito litachemsha. Wengi hukimbilia kubadilisha rejeta nzima au pampu ya maji, kumbe ubovu ulikuwa katika kifuniko.

Ikumbukwe pia kwamba baadhi ya magari madogo, kama Toyota Passo na Vitz za matoleo ya baadaye, hayana mshale wa kuonyesha joto. Yana taa ya buluu inayowaka injini ikiwa ya baridi, na nyekundu inayowaka injini ikiwa imekwisha kuchemka. Baina ya hizo mbili dereva haonyeshwi kitu. Akiiona nyekundu hana muda wa kusubiri kituo kinachofuata, kwani silinda hedi ya aluminiamu ikipata joto la kupita kiasi hupinda, gasketi huungua, na maji huanza kuingia katika oili. Asimame, azime injini, wala asifungue mfuniko wa rejeta mpaka injini ipoe. Maji yaliyobanwa yakifunguliwa ghafla hugeuka mvuke na kuunguza uso na mikono.

Katika kuteremka, taa ya kuangaliwa ni ile nyekundu ya breki. Watu huizoea kwa sababu ndiyo inayowaka hendibreki ikivutwa. Lakini hiyo hiyo huwaka mafuta ya breki yanapopungua katika kikopo chake, na mafuta hayo hushuka taratibu kadiri pedi zinavyolika. Gari likiinama mteremkoni mafuta yanasogea mbele, boya ndani ya kikopo linashuka, taa inameta na kuzimika. Gari likifika chini hakuna taa. Dereva anayeona kumeta huko na kuongeza mafuta ya breki bila kuangalia pedi ameizima taa tu. Kilichoiwasha bado kipo, na mteremko wa kesho unakisubiri.

Baada ya taa nyekundu, turudi kwenye ile ya njano yenye umbo la injini, ambayo ndiyo inayowagharimu watu fedha nyingi zaidi.

Taa hiyo husema kwa namna mbili. Ikiwaka mfululizo, gari linaweza kuendeshwa kwa utulivu hadi kwa fundi. Ikimeta, hali ni nyingine kabisa. Kumeta maana yake silinda moja au zaidi inamisi, yaani haichomi mafuta yake, na petroli mbichi inatoka na kwenda kuungulia katika bomba la moshi. Humo ndimo mlimo na chombo cha kusafishia moshi ambacho mafundi wa Tanzania hukiita masega, kwa jinsi matundu yake yanavyofanana na masega ya nyuki. Masega hayo yakipokea petroli isiyoungua hupata joto kali hadi kuyeyuka na kuziba. Dereva anayeiona taa ikimeta hana budi kupunguza mwendo na kuondoa mguu kwenye mafuta. Ikiendelea kumeta, aegeshe.

Kompyuta haikurupuki kuiwasha taa. Kwa hitilafu nyingi, ikigundua kasoro safari ya kwanza huiandika kimya kimya katika kumbukumbu yake. Kasoro hiyo ikijitokeza tena katika safari inayofuata, ndipo taa huwaka. Vivyo hivyo katika kuzimika: kasoro isipoonekana kwa safari tatu mfululizo, taa huzimika yenyewe, ingawa namba ya hitilafu hubaki katika kumbukumbu mpaka injini ipate joto na kupoa mara 40 hivi.

Utaratibu huo ndio unaoeleza kisa cha gari kutoka gereji likiwa halina taa na kurudi baada ya siku tatu. Fundi alipobonyeza kitufe cha kufuta, aliifuta kumbukumbu tu. Kompyuta ikaanza kuhesabu upya: safari ya kwanza ikaandika, safari ya pili au ya tatu ikawasha taa. Kuchomoa waya wa betri kwa dakika kumi hufanya kazi ile ile katika magari mengi, tena bila malipo. Hasara yake ni kwamba pamoja na namba ya hitilafu hufutika pia picha ya hali ilivyokuwa kasoro ilipotokea: joto la injini, mwendo, mzunguko wa injini na kiasi cha mafuta. Ni sawa na kufagia nyayo za mwizi kabla mpelelezi hajafika.

Namba zenyewe husomwaje? Katika magari mengi ya Toyota ya miaka ya 1990, ambayo bado yapo barabarani, hakihitajiki kifaa chochote cha bei. Katika chumba cha injini kuna kijisanduku chenye mfuniko ulioandikwa majina ya matundu. Kipande cha waya huunganisha tundu la TE1 na la E1, kisha swichi huwashwa bila kupiga stata. Taa ya injini huanza kumeta, na fundi huhesabu. Ikimeta mfululizo kwa mapigo yanayolingana, hakuna hitilafu iliyoandikwa. Ikimeta mara mbili, ikapumzika, ikameta mara moja, hiyo ni 21, inayohusu sensa ya oksijeni. Mara mbili kisha mara mbili ni 22, sensa ya joto la maji. Nne kisha moja ni 41, sensa ya mkao wa kilango cha hewa kinachofunguliwa na pedeli ya mafuta. Kuunganisha matundu yasiyo yenyewe kunaweza kuunguza kompyuta, kwa hiyo si mchezo wa kujaribu gizani.

Magari ya baadaye yana soketi ile ya matundu 16, kwa kawaida chini ya dashibodi upande wa dereva. Siku hizi vipo hata vifaa vidogo vinavyochomekwa hapo na kuonyesha namba katika simu ya mkononi. Walakini, wengi wamenunua vifaa hivyo na kukuta havipati mawasiliano na gari. Si lazima kifaa kiwe kibovu. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japan mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 yana soketi yenye umbo lile lile, lakini kompyuta zake hutumia lugha ya kiwanda na si ile ya kimataifa. Gari la namna hiyo huhitaji mashine inayoijua lugha ya kiwanda chake, na mashine hiyo si kila gereji inayo.

Namba ikipatikana, huwa ni herufi moja na tarakimu nne. Herufi P ni ya injini na gia boksi, C ya breki na miguu ya gari, B ya bodi, na U ya mawasiliano baina ya kompyuta. Tarakimu ya kwanza ikiwa 0, namba hiyo ni ya kimataifa. Ikiwa 1, kwa kawaida ni ya kiwanda husika. Inayofuata huonyesha mfumo: 1 na 2 ni hewa na mafuta, 3 ni moto wa plagi, 4 ni udhibiti wa moshi, 7 ni gia boksi.

Hapa ndipo penye kosa kubwa kuliko yote. Namba hutaja mahali ambapo kompyuta imeona jambo lisilo la kawaida, wala haitaji kifaa kilichokufa. Kompyuta haina macho. Inachojua ni umeme unaotoka katika sensa zake, na sensa nzima kabisa inaweza kuleta taarifa mbaya kwa sababu hali inayoipima ni mbaya kweli. Anayeitupa sensa hiyo na kununua nyingine amemfukuza kazi tarishi kwa kuleta barua yenye habari mbaya.

Mfano unaowatesa wengi ni P0171. Maana yake ni kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Injini ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli, na sensa ya oksijeni iliyo katika bomba la moshi ndiyo inayoitaarifu kompyuta iwapo kipimo hicho kimezidi au kimepungua. Fundi mwenye haraka akiona namba hiyo huagiza sensa ya oksijeni. Lakini hewa ya ziada huweza kuingia kupitia hosi iliyopasuka, au gasketi ya manifoldi iliyochoka. Huenda pampu ya petroli imedhoofika na filta imeziba, hivyo kilichopungua ni mafuta. Huenda sensa ya kupima hewa inayoingia imefunikwa na vumbi, jambo la kutarajiwa kwa gari linalotembea barabara za vumbi huku filta yake ya hewa ikipulizwa kwa upepo badala ya kubadilishwa. Fundi makini husikiliza kwanza mlio wa hewa, hukagua hosi moja moja, hupima msukumo wa petroli, na sensa ya oksijeni huishughulikia mwisho.

Mfano mwingine ni P0302, yaani silinda ya pili inamisi. Katika magari kama IST, Raum na Allion yenye koili moja juu ya kila plagi, kipimo chake hakigharimu hata senti. Koili ya silinda ya pili huhamishiwa silinda ya tatu, na ya tatu kwenye ya pili, kisha kumbukumbu hufutwa na gari huendeshwa. Namba ikirudi ikiwa P0303, koili ndiyo mbovu, kwa kuwa ubovu umehama pamoja nayo. Ikibaki P0302, koili haina kosa. Hapo ni zamu ya plagi, noseli, na baadaye kupima mbano wa silinda. Kazi hiyo huchukua chini ya nusu saa. Mteja anayeuziwa koili nne mpya kabla ya kipimo hicho ana haki ya kuuliza kwa nini hakikufanyika.

Upo pia mfano ambao ni wa kwetu zaidi. Kwa miaka mingi baadhi ya mafundi wa Afrika Mashariki wamekuwa wakiing'oa termostati, kile kilango kinachozuia maji yasizunguke katika rejeta mpaka injini ipate joto. Hoja yao ni kwamba nchi zetu ni za joto na kifaa hicho ni cha nchi za baridi. Katika gari la kabureta madhara hayakuonekana upesi. Katika gari lenye kompyuta, injini isiyofikia joto lake huhesabiwa kuwa bado ni ya baridi, hivyo kompyuta huendelea kuongeza petroli kama ilivyo wakati wa kuwasha. Ulaji wa mafuta hupanda, plagi huwa nyeusi, na baadaye taa huwaka kwa namba P0128, inayosema injini imechelewa kupata joto. Katika asubuhi za baridi za Julai kwenye miteremko ya Kilimanjaro, gari lisilo na termostati linaweza kushuka hadi mjini bila injini kupata joto linalotakiwa. Dawa ni kurudisha kilichong'olewa.

Mafuta nayo yana historia yake. Hadi katikati ya miaka ya 2000, petroli yenye madini ya risasi ilikuwa bado ikiuzwa katika nchi nyingi za Afrika, na risasi huiua sensa ya oksijeni na kuyafunika masega yasifanye kazi. Nchi za Kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006 ilikuwa imeondolewa katika sehemu kubwa ya eneo hilo, Tanzania ikiwamo. Baada ya hapo kero ikawa uchakachuaji, hasa wa kuchanganya mafuta ya taa yaliyokuwa na kodi ndogo. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, ilianza mwaka 2010 kuweka vinasaba katika mafuta ili yaliyochakachuliwa yatambulike, na mwaka 2011 Serikali ikaipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa kishawishi. Hata hivyo, dereva ambaye gari lake limeanza kumisi saa chache baada ya kujaza kituo asichokizoea afanye vema kumweleza fundi habari hiyo kabla ya kuruhusu kifaa chochote kinunuliwe. Stakabadhi ya kituo ihifadhiwe.

Masega yenyewe yamekuwa bidhaa. Ndani yake mna madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu, na wapo wanunuzi wa masega yaliyokwisha kutumika. Kwa hiyo si ajabu gari likaingia gereji kwa tatizo dogo na likatoka na bomba tupu. Mwenye gari huambiwa kwamba masega yalikuwa yameziba na sasa gari litakuwa jepesi. Pengine kweli yaliziba. Lakini kipo kipimo cha msukumo wa moshi kinachothibitisha hilo, na chombo kilichotolewa ni mali ya mwenye gari, si ya gereji. Katika magari yenye sensa ya pili ya oksijeni, iliyo nyuma ya masega, kompyuta itagundua kwamba moshi unatoka kama ulivyoingia na itaandika P0420. Taa itawaka, na hakuna kifaa cha injini kitakachoizima, kwa sababu kilichokosekana hakipo katika injini.

Kinachobaki ni soko la magari yaliyotumika, ambako taa hizi hudanganya kuliko mahali pengine popote. Muuzaji anaweza kufuta kumbukumbu asubuhi ya siku ya mauzo, akijua kwamba mnunuzi atalizungusha gari mara moja tu. Anaweza pia kuing'oa balbu, au kuziba taa kwa kipande cha selotepu nyeusi nyuma ya kioo cha dashibodi. Mnunuzi hahitaji ufundi kuugundua ujanja wa pili. Awashe swichi bila kupiga stata na kuhesabu taa. Ya injini, ya oili, ya betri, ya ABS na ya mifuko ya hewa zote hazina budi kuwaka. Ya mifuko ya hewa huzimika yenyewe baada ya nukta chache. Ya injini hubaki mpaka injini iwashwe. Taa ambayo haikuwaka kabisa katika hatua hiyo ni ya kutiliwa shaka kuliko ile inayowaka waziwazi. Ikiwa ni ya mifuko ya hewa, huenda gari liligongwa, mifuko ikapasuka na haikurudishwa.

Ujanja wa kwanza, wa kufuta kumbukumbu, huhitaji kifaa, lakini nao una alama zake. Kompyuta za magari yanayofuata utaratibu wa kimataifa hutunza orodha ya majaribio ambayo zimekwisha kuyakamilisha tangu kumbukumbu ilipofutwa mara ya mwisho, na nyingi hutunza pia kilomita zilizotembewa tangu hapo. Gari ambalo mwenyewe anadai amelitumia mwaka mzima bila tatizo, lakini kifaa kinaonyesha kilomita 6 tangu kufutwa na majaribio karibu yote hayajakamilika, limefutwa asubuhi hiyo hiyo. Ukaguzi wa magari nchini Japan ulianza Oktoba 2024 kuisoma kompyuta ya gari yenyewe kwa baadhi ya magari mapya, badala ya kutegemea macho pekee. Mjini Moshi mnunuzi anaweza kufanya sehemu ya kazi hiyo mwenyewe: kumwomba fundi wake achomeke kifaa kabla ya majadiliano ya bei, aandike namba zote katika karatasi bila kufuta hata moja, kisha gari liendeshwe kutoka mjini hadi Marangu na kurudi, na namba zisomwe tena.